Mtani wa Bwana Afya

Kwa siku nne Agustino alikula kwenye hoteli kumi na moja za mji wa Morogoro, na msidhani alifaidi. Chakula kilikuwa hakimshuki. Kijana wa watu alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu.

Mwaka ule ulikuwa wa kipindupindu. Wajumbe arobaini wa vijiji vya ujamaa, kuanzia Kisaki huko porini mpaka Dumila, walikuwa wanakuja mjini kwa semina ya siku mbili, na ofisi ingewalisha mchana. Agustino, msaidizi wa bwana afya, akaambiwa azunguke, aonje, achague hoteli moja, aandike jina lake chini ya karatasi. Wakubwa walimwambia achague tu. Tu! Hawakujua, au walijua wakajifanya wamesahau, kwamba katika kituo alichotoka aliwahi kupitisha hoteli iliyopakwa chokaa nyeupe pee, na wiki mbili baadaye watu tisa wakahara, wawili wakazikwa. Hakuna aliyemlaumu. Alijilaumu mwenyewe mpaka leo, na kila akinawa mikono hunawa mara tatu.

Basi akazunguka. Karibu na stesheni alipewa wali uliojaa mchanga, akataka kujua maji ya kunywa yanatoka wapi, mwenye hoteli akamjibu kwamba yanatoka kwenye pipa. Kwa Salehe wa sokoni kulikuwa na kalimati tamu kweli, laini, zinayeyuka mdomoni, ila nyuma ya jiko choo na kisima vilikuwa vinapakana kama majirani. Hoteli moja ilikuwa na vitambaa vya meza na maua, na ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada, uliolala tangu jana. Nyingine ilikuwa safi, safi hasa, lakini chai haikuwa na sukari, mkate hakuna, maharage hakuna, wenyewe wamekaa wanatazamana. Sasa hapo utamlisha mjumbe nini, usafi?

Ya kumi na moja ilikuwa ya Bi Mwaisha, kule Mji Mpya. Hapo ndipo Agustino alipokula akamaliza sahani. Wali umechambuka, mchicha wa nazi, samaki wa kukaanga, maji yamechemshwa na kuchujwa kwa kitambaa, mitungi ina vifuniko. Alipomwamkia mama yule shikamoo na kujitambulisha kuwa ni Mnyamwezi wa Tabora, Bi Mwaisha, Mluguru wa milimani damu, alipiga kofi paja lake akacheka. Kumbe amepata mtani!

Tangu hapo Agustino hakuwa na amani, lakini ni ile ya kukosa amani kwa raha. Bi Mwaisha hakumwita Agustino wala Bwana Afya. Alimwita mpagazi, akisema babu zake walipita hapa na pembe za ndovu kichwani wakaiba kuku. Agustino naye alimjibu kwamba Waluguru wana mguu mmoja mfupi kwa kutembea kwenye miteremko. Kila siku alipokuja kula, Bi Mwaisha alimwahidi sumu. Wateja walicheka, maana ndivyo watani walivyo: watatukanana, watanyang'anyana hata kuku na khanga, na hakuna wa kudai wala wa kununa. Jina la Bi Mwaisha ndilo lililoandikwa kwenye karatasi.

Siku ya semina ikafika. Saa saba kasoro Agustino aliingia akawakuta wajumbe wote wamebanana kwenye mabenchi, sufuria kubwa ya wali iko mlangoni inafuka, kachumbari imejaa beseni, lakini mezani hakuna kitu. Bi Mwaisha alikuwa amesimama katikati ya mlango wa jikoni.

"Mpagazi, leo usile kwangu," alimwambia kwa sauti ya juu. "Nimetia sumu."

Hoteli nzima ilicheka. Agustino akacheka zaidi, maana usiku hakulala kwa wasiwasi na kicheko kilimtoa mzigo kifuani. Akachota kikombe cha maji mtungini, akaketi, akanywa chote.

"Kweli nakwambia usile. Na wenzako wasile."

Mjumbe wa Kisaki, mzee Pazi, akasema hiyo sumu iletwe upesi, wametoka mbali na matumbo yanaunguruma. Watu wakapiga meza. Agustino naye, ili asionekane ameshindwa, akatafuta tusi lake kubwa: kwamba Bi Mwaisha ana miguu isiyolingana ndiyo maana chakula kinachelewa kufika mezani. Akangoja arudishiwe.

Hakurudishiwa. Bi Mwaisha alikuja mpaka kwenye meza yake, akashika ukingo, akainama.

"Bwana Afya," alisema polepole. "Nakuomba."

Agustino aliinuka akamfuata.

Chumba cha nyuma kilikuwa na kitanda kimoja cha kamba. Juu yake alilala Halima, mdogo wake Bi Mwaisha, macho yameingia ndani, midomo imekauka, na kwenye beseni chini ya kitanda kulikuwa na maji meupe kama yaliyooshewa mchele. Agustino hakuhitaji kuambiwa ni nini. Bi Mwaisha alieleza kwa kunong'ona. Halima alianza usiku, akaficha. Alfajiri, yeye Bi Mwaisha akiwa sokoni, Halima alijikokota akajaza mitungi yote kwa maji mabichi ya mtoni, kwa kuwa bomba lilikuwa limekauka, akakata kachumbari, na wali ulipoiva akaupakua na kuuonja kwa mkono. Saa tano akaanguka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nimekwambia mara mbili."

Alikuwa amemwambia, ndiyo. Angesemaje tena, mbele ya watu arobaini? Alitafuta njia ya kumwambia mtu mmoja tu, na ulimi wao wawili ulikuwa umezoea uongo mtamu. Mtaa wa pili mgonjwa alipojulikana, majirani walimtolea vitu nje wakavichoma, na watu wakasambaa kila mmoja kwao. Agustino alifikiri hilo hilo. Akitamka neno kipindupindu, wajumbe wangekimbia kabla ya kunawa, wengine wameshashika vikombe, kila mmoja na kijiji chake. Nje kijiko kiligonga sahani. Mtu ameanza kujipakulia.

Alitoka akicheka. Alicheka kwa nguvu mpaka mashavu yakamuuma, akatangaza kwamba Mnyamwezi leo analipa kisasi cha babu zake, akaipiga teke sufuria ya wali ikabiringika uani. Akachukua mchi akavunja mtungi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kachumbari akaimwaga shimoni. Watu walishtuka, kisha Bi Mwaisha akatoka na mwiko, akamfukuza akimtukana mpagazi mwizi asiye na haya, machozi yanamtiririka, na wajumbe wakashika mbavu. Kwao ulikuwa utani mkubwa kuliko wote waliowahi kuuona. Agustino aliwapanga foleni, akawanawisha mmoja mmoja kwa sabuni na maji ya birika lililokuwa limechemka jikoni, akisema hiyo ndiyo faini ya kuchekelea, akamwomba mzee Pazi awapeleke kwenye ile hoteli safi isiyo na sukari, wakanywe chai ya moto tu. Walikwenda wakinung'unika njaa. Hakuna aliyekuwa amekula. Alihesabu vikombe mezani, vyote vikavu isipokuwa kimoja, chake.

Gari la afya aliloliagiza lilipofika, alimbeba Halima mwenyewe na kumlaza nyuma. Bi Mwaisha akapanda akakiweka kichwa cha mdogo wake mapajani. Aliuliza kama hoteli yake itaandikwa kwenye ripoti, Agustino akasema itaandikwa na itafungwa, leo leo. Mama yule akaitikia kwa kichwa.

Dereva alimfungulia Agustino mlango wa mbele. Hakupanda. Alizunguka, akaingia nyuma, upande wa wagonjwa, akakaa sakafuni. Bi Mwaisha alimtazama, kisha akaelewa, akaziba mdomo kwa khanga.

"Nitanie, mama," Agustino alimwomba. "Nitanie, naogopa."

Bi Mwaisha alijaribu. Alifungua mdomo mara ya kwanza, mara ya pili, gari likaanza kuondoka, na neno halikutoka.