Sanduku la Mteja

Mimi ni fundi wa mabegi. Zipu iliyong'oka, gurudumu lililopasuka, mpini wa kuvutia begi uliogoma kutoka, vyote naletewa sebuleni kwangu. Wenyewe wakishatengenezewa wanaondoka zao kwenda kuona dunia, mimi nabaki na sindano. Figo zilinisusa siku nyingi. Leo nalala kando ya mashine ya kusafisha damu, kesho napumua, keshokutwa narudi kulekule. Nikitoka hapo mwili umelegea, mdomo mchungu, sina hamu hata ya kusalimiwa.

Mdogo wangu ameolewa ng'ambo ya milima, mwendo wa siku mbili kwa basi. Mashine huko hakuna. Amejifungua pacha, na mimi mama yao mkubwa nawajua kwa picha za simu tu. Kila nikisema nataka kwenda kuwaona, mume wangu anasema hapana. Yeye ni mpaka rangi wa nyumba, mpole hadi anaudhi, lakini kwa hilo amekaza kamba. Nimemwita mchoyo, nimemwita mlinzi wa geti, nimemnunia mpaka chai ikapoa mezani. Jibu ni lilelile.

Begi la mteja silirudishi mpaka nilishindilie vitu na kulikokota uani, nione kama zipu itavumilia. Kwa kawaida nalijaza mablanketi. Siku hiyo yalikuwa kwenye kamba, yamefuliwa, yanachuruzika maji. Nikafungua kabati nikachukua nguo zangu, tena zile nzuri, kwa sababu ndizo nyingi. Sina pa kuzivalia. Nikavaa viatu, nikalizungusha sanduku uani mara moja tu, nikaliegesha mlangoni. Nikaketi kwenye kiti nivute pumzi, usingizi ukanichukua.

Nilipofumbua macho, mume wangu alikuwa amekaa sakafuni na nguo zake za kazi, rangi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa anatazama kabati tupu.

"Basi nenda," akasema.

Sikumwelewa.

"Nimechoka kukukataza, mke wangu. Kila nikikukataza naona unavyoniangalia. Nenda ukawaone watoto. Nitakusindikiza mpaka stendi. Likitokea la kutokea, sitamlaumu mtu."

Nilitaka kucheka, nimwambie anayesafiri ni mwenye sanduku, si mimi. Kicheko hakikuja. Ruhusa niliyoililia siku zote hizo ilikuwa mbele yangu, bila masharti. Nikajaribu kujiona ndani ya basi, siku mbili, miguu inavimba, pumzi inakata. Nikamwona mdogo wangu anafungua mlango, ana mtoto kila mkono, halafu anaanza kuhangaika kutafuta gari la kunirudisha. Nikajaribu kusimama, magoti yakakataa. Mzunguko mmoja wa uani ulikuwa umenimaliza. Nikaogopa kweli, kwa sababu nilijua sasa kwamba hata angenikubalia tangu mwanzo, nisingefika.

"Ni la mteja," nikamwambia. "Mablanketi yamelowa."

Akageuka akachungulia dirishani, akayaona kwenye kamba. Akajifuta uso kwa kiganja, akajipaka rangi zaidi. Nilidhani atacheka, au atanigombeza kwa kumtia presha bure.

"Sawa, la mteja," akasema. "Lakini nilichosema nimesema. Siku ukitaka, nenda. Mimi sikuzuii tena."

Hapo ndipo machozi yaliponitoka. Nikamshika mkono.

"Usiniruhusu," nikamwambia. "Nakuomba, mume wangu. Nikatalie kama siku zote, nipate wa kumkasirikia."

Nikaona amenielewa, na kwamba kunielewa kumemuumiza.

"Huendi popote," akasema.

Nikamtukana taratibu, kwa nguvu kidogo nilizokuwa nazo, naye akainama akaanza kunivua viatu.