Moshi Usio na Mwenyewe

Jumatatu asubuhi, binti aliyeajiriwa wizarani kuandika miswada alifika kazini amevaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi na mjomba wake. Mjomba alikuwa dobi. Kibanda chake kilitazamana na kiwanda cha saruji, na miaka yote aliyomlea binti huyo alifua kila shati mara mbili: kwanza kuondoa uchafu wa mwenye shati, kisha kuondoa wa kiwanda. Ile mara ya pili hakumtoza mtu.

Kwa hiyo binti aliandika mswada wake wa kwanza kwa moyo wote. Ulikuwa mfupi. Anayetoa moshi alipe ushuru, na anayetoa mwingi alipe zaidi. Kabla ya kuupeleka aliusoma nyumbani kwa sauti, na mjomba akaitua pasi yake ya mkaa juu ya kigae ili asikilize vizuri.

"Hapo umesema," mjomba alisema. "Ila wataupitisha?"

"Kwa nini wasiupitishe, mjomba? Si ni haki?"

"Ndiyo maana nauliza."

Mkurugenzi wa binti aliitwa Bwana Tutaona, kwa kuwa hilo ndilo jibu alilokuwa nalo. Aliusoma mswada, akausifu kwa dhati. Lakini uchaguzi ulikuwa mlangoni, na wizara ile ilikuwa na desturi yake: kumwingiza mtu kwenye ushuru kulihitaji kikao chenye akidi, kumtoa kulihitaji simu. Simu ya kwanza iliita chai ikiwa bado ya moto. Mwenye kiwanda cha saruji alikuwa anakumbusha tu kwamba wafanyakazi wake ni wapiga kura, na kwamba fulana za kampeni hazijishoni zenyewe.

"Kiwanda tukitoe," alisema Bwana Tutaona. "Kwa sasa."

Binti akakitoa.

Kesho yake moshi wa kiwanda ulikuja wizarani. Ulipanda ngazi polepole, kama mzee mwenye magoti mabovu, ukaketi kwenye benchi la wageni. Mlinzi aliuuliza unamtaka nani. Kisha akaelewa.

"Huu sasa hauna mwenyewe," alimweleza binti. "Tajiri kasamehewa, kwa hiyo si wake tena. Uende wapi, maskini?" Akausogezea na kiti cha plastiki, maana benchi halikuutosha.

Wenye malori walipiga simu Jumatano. Hawakutisha mtu. Walisema tu kwamba wanafikiria kuyaegesha malori yao darajani mpaka matokeo ya uchaguzi yatangazwe. Malori yakatolewa, na mchana moshi wake ukaingia bila hodi, ukawapita watu kwenye foleni, ukakalia mashine ya fotokopi. Wachoma mkaa hawakuhitaji hata kupiga simu. Mkubwa wao alikuwa shemeji wa Waziri. Moshi wa tanuri zao ulifika ukiwa umebeba majani ya miti ambayo haipo tena, ukayaacha kwenye zulia, mfagiaji akayazoa.

Kwa kuwa moshi hupanda, ofisi ilijaa kuanzia darini. Kufikia Ijumaa ulikuwa umeshuka mpaka usawa wa meza. Aliyeketi na kuinama alionekana, aliyesimama alibaki miguu, na watu wakazoea kuamkiana kwa kutazamana viatu. Mhudumu wa chai aligonga kijiko kwenye kikombe ili wasigongane. Kulikuwa na pendekezo la posho ya kikohozi, likapita siku hiyo hiyo.

"Sasa sikiliza, mwanangu," Bwana Tutaona alisema kutoka ndani ya moshi. Tai yake ilionekana nusu. "Bajeti imeshasomwa na huo ushuru umo. Lazima abaki mtu wa kulipa. Nani kabaki?"

Binti aliinama chini ya moshi, akaangalia.

"Pasi za mkaa," alisema.

"Madobi? Wana chama?"

"Hawana."

"Wana shemeji popote?"

"Wana mimi."

"Haya. Tutaona."

Binti hakukaa akaona. Aliomba kikao cha kukirudisha kiwanda, akakipata, akaja na hotuba aliyoikeshea. Kikao kiliahirishwa kwa sababu wajumbe hawakuweza kuhesabika mle ndani na akidi haikujulikana. Aliomba kingine, nacho kikawa hivyo hivyo. Alifungua madirisha, lakini moshi ulitazama nje tu, kama mgeni aliyeonyeshwa mlango naye hana nauli, ukabaki.

Sheria ilipita Bungeni kwa makofi. Waziri alipigwa picha akipanda mti, na magazeti yakamwita rafiki wa mazingira. Shati lake pichani lilikuwa la kijivu. Lilikuwa jeupe alipotoka nyumbani, kisha akapitia ofisini kuchukua koleo.

Ndiyo maana siku ya kwanza ya kulipa ushuru mjomba alikuja wizarani na shughuli mbili: mkono mmoja mashati ya Waziri, yaliyofuliwa mara tatu, mkono wa pili pesa zake za ushuru. Binti alitoka kumpokea.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Mbona unakohoa?"

"Nilijaribu, mjomba. Wallahi nilijaribu."

"Najua. Nilisikia redioni wanavyopiga makofi, nikasema hapa mwanangu hayumo."

Binti alicheka, akafuta macho, akasema ni moshi. "Nimeomba kikao kingine," aliongeza.

"We omba tu. Mie doa likigoma nalirudia."

Foleni ya dirisha la malipo ilianzia kwenye ngazi, na karibu yote ilikuwa moshi. Mjomba akasimama nyuma yake, mashati ameyainua juu yasiguse kitu. Moshi wa kiwanda ulikuwa mbele kabisa, siku ya ngapi sijui, ukingoja mtu aupime ili utozwe ushuru. Uligeuka. Ulimtambua, kwa kuwa walikuwa majirani miaka mingi na hakuna aliyeyajua mashati yake kama ule.

Ukasimama. Ukajibana ukutani wote mzima usiyachafue, kisha ukauvuta kando kwa ukali ule wa malori, uliokuwa bado unasukumana kama mtoto asiye na adabu. Korido ikafunguka nyeupe kuanzia ngazi hadi dirishani, ikaonekana hata rangi ya ukuta, ambayo wafanyakazi walikuwa wameisahau.

"Ahsante, jirani," mjomba alisema.

Akapita mbele ya wote, akahudumiwa wa kwanza, akalipa.