Tezi Inayokimbia na Msusi Aliyelala

Saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, msusi alisinzia akiwa amesimama, paji la uso limetua juu ya kichwa cha bibi harusi. Upande wa kushoto wa kichwa hicho ulikuwa umekwisha kusukwa. Wa kulia ulikuwa bado timtimu. Bibi harusi alidhani anaombewa, akafumba macho.

Mwenye saluni, dada wa mume wa msusi, alitazama saa ya ukutani kwa dakika moja na nusu.

“Wifi, amka. Mwenzio anaolewa saa nane.”

Ilikuwa mara ya nne mwezi ule. Msusi alivaa sweta mbili kando ya mashine ya kukaushia nywele. Alikuwa ameongezeka kilo sita bila kuongeza chakula, na sauti yake ilikuwa nzito kiasi kwamba waliopiga simu walimwita kaka. Wifi yake aliyaita hayo yote uvivu.

“Kapime damu,” alisema. “Ikionyesha mwili umepungukiwa nguvu, nitaosha vichwa mimi mwenyewe mpaka upone. Isipoonyesha, kiti chako nampa mtu aliye macho, wewe unahamia kwenye beseni la kuoshea.”

Msusi alikuwa amekimiliki kiti kile miaka kumi na mmoja.

Daktari alihesabu mapigo ya moyo: hamsini na mawili kwa dakika. Akaagiza damu ipimwe kuhusu tezi ya shingoni, ile inayoupangia mwili kasi ya kufanya kazi.

Siku ya majibu wifi alikwenda naye, asije akadanganywa.

“Vipimo ni viwili,” daktari alisema. “TSH ni sauti ya ubongo ukiisimamia tezi. Tezi ikizembea, ubongo hupaza sauti, TSH inapanda. Ikizidisha kazi, ubongo hunyamaza. T4 ndiyo kazi yenyewe inayotolewa na tezi. Hapa TSH iko chini kabisa na T4 iko juu.”

“Yaani tezi inakimbia.”

“Kwa karatasi hii, ndiyo.”

“Tezi inakimbia, mwenyewe analala juu ya vichwa vya watu. Beseni, wifi.”

Daktari hakuandika dawa. “Karatasi inasema mtu huyu anatokwa jasho, moyo unamwenda mbio na usingizi haupati,” alisema, akamtazama mgonjwa. Mgonjwa alikuwa amelala ndani ya sweta zake.

Alipoamshwa aliulizwa kama anameza dawa yoyote.

“Sijaambiwa naumwa nini, nimeze dawa gani?”

Wifi, kwa kuwa alishajiona mshindi, aligeukia biashara.

“Daktari, hapo mbele ya kichwa chako pamebaki uwanja. Tuna vidonge vya nywele na kucha. Kwetu bidhaa haiuzwi mpaka mmoja wetu aitumie kwanza. Huyu anameza vinne kila asubuhi, mwezi wa tatu sasa. Wifi, onyesha kucha.”

Msusi alionyesha kucha. Hazikuwa na maajabu. Wifi alitoa kopo mkobani, na daktari akasoma maandishi ya nyuma mara mbili.

“Hii ni biotini, aina ya vitamini, tena nyingi. Mashine ya maabara yetu hutumia biotini hiyohiyo katika kupima. Ikijaa kwenye damu, TSH husomeka chini kuliko ilivyo na T4 juu kuliko ilivyo. Aache vidonge wiki moja, turudie.”

“Na kucha?”

“Zitavumilia.”

Wiki moja baadaye damu ilitolewa tena. TSH: arobaini na sita, wakati kikomo cha kawaida ni nne. T4: chini ya kiwango.

“Arobaini na sita,” wifi alisema. “Sasa si ndiyo imezidi kukimbia?”

“Huo ni ubongo unaopiga kelele. Tezi haisikii. Wewe ungesema nini ukimkuta amelala mara arobaini na sita?”

Wifi alifikiri. “Ningepiga kelele.”

“Basi.”

Msusi aliandikiwa kidonge kimoja kila asubuhi kabla ya kula, na tarehe ya kurudi kupima baada ya wiki sita.

Kesho yake, saa nne na dakika tano asubuhi, wifi alikunja mikono ya gauni, akafungua bomba, akaosha kichwa cha kwanza. Maji yalikuwa ya baridi. Mteja alisema hivyo mara tatu.