Bonyeza Kubali

Foleni ya wagonjwa ilikuwa imeshatoka mlangoni na kuzunguka tangi la maji, na kompyuta ya masijala ilikuwa inamwuliza Mama Faili swali. Alilisoma mara mbili, miwani ikiwa imemshukia puani. Kiendelezi, kiprogramu kidogo kinachobandikwa kwenye kivinjari, kilikuwa kinaomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha kila kitu kwenye kila ukurasa atakaoufungua.

"Kila kitu?" aliuliza. "Hata majibu ya vipimo?"

Aliyemwinamia begani alikuwa mdogo wa kiume wa mke wa meneja. Zahanati nzima ilimwita Shemeji, utadhani wote wamemwoa dada yake. Kazi ya kompyuta zote alikuwa nayo yeye. Tangazo la zabuni hakuna aliyeliona. Alinukia manukato makali yaliyoshindwa kuficha jasho.

"Mama, hayo ni maneno ya kompyuta tu. Bonyeza kubali. Kitakujazia fomu chenyewe, utakuja kunishukuru."

"Na kikizipeleka nje taarifa za watu?"

"Kizipeleke wapi? Kwani hujaiona ngao?"

Ngao aliiona. Ilikuwa kwenye tovuti ya zahanati, mahali ambapo wagonjwa huandikisha miadi: ya kijani, ina alama ya vema katikati, na chini yake maneno *Taarifa zako ziko salama hapa*. Mama Faili alikuwa ameibonyeza siku ya kwanza ili ajue nani ameihakiki. Hakikufunguka kitu.

"Imetolewa na nani?"

"Ni picha, Mama!" Shemeji alicheka, mate yakaruka hadi kwenye kioo cha kompyuta. "Watu wanapenda kuona ngao."

Mtoto alilia kwenye foleni. Mama Faili akabonyeza kubali, kisha akafuta kioo kwa ncha ya kanga.

Miezi mitano kazi ilikwenda vizuri. Asubuhi moja alikuta kiendelezi kimebadilika jina na mmiliki wake amekuwa mwingine, jina la kampuni ambalo hata kulitamka alishindwa. Safari hii hakikumwomba ruhusa yoyote. Kila alipofungua faili, ukurasa ulisita kidogo, kama mtu anayenakili. Aliandika barua kwa mkono, akampelekea meneja.

Meneja aliisoma huku akichokonoa meno.

"Siku hizi umekuwa injinia?"

"Nimeona kitu, bosi. Nimeona niseme."

"Umesema. Rudi kwenye mafaili."

Akaifanya barua kitandiko cha kikombe chake cha chai.

Wiki ya tatu baada ya hapo, fundi cherehani aliingia masijala bila kupiga hodi. Alikuwa akichukua dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa miaka sita, siku zote kwa mlango wa nyuma, ushungi umeshushwa hadi kwenye nyusi. Leo alikuwa kichwa wazi. Aliweka simu mezani. Ujumbe ulikuwa na jina lake, namba ya faili lake, jina la dawa zake na tarehe yake ya kurudi. Chini waliandika: *Tuma pesa leo, au mtaa mzima utasoma.*

"Haya yalikuwa kwako," alisema. "Hata mama yangu mzazi sikumwambia."

"Dada, si mimi."

"Basi ni nani? Nitajie, nikamkabe."

Mama Faili aligeukia jina la kampuni kwenye kioo cha kompyuta. Kulitamka bado alishindwa.

Kabla ya adhuhuri walikuwa wameshakuja wengine tisa. Alasiri akaitwa ofisini. Shemeji alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni, mguu juu ya mguu, akijikata kucha. Vipande vilidondoka zuliani.

"Mfumo unaonyesha mafaili yote yamefunguliwa kwa jina lako," alisema meneja.

"Nani mwingine angeyafungua? Ndiyo kazi yangu, miaka kumi na moja."

"Na kiendelezi ulikikubali wewe. Kidole chako."

"Aliniambia huyu nikubali! Na barua niliyokuletea iko wapi?"

"Barua gani?"

Shemeji alipuliza kucha zake, wala hakuinua macho. Meneja alisukuma karatasi mbele. "Saini hapa kwamba umepokea barua ya kusimamishwa kazi, basi, yaishe."

Mama Faili alivaa miwani. Mstari wa pili ulianza na neno *nakiri*.

"Hii siyo ya kupokea."

"Mama Faili, usinichoshe."

"Sisaini."

Meneja alimwita mlinzi. Mlinzi, ambaye asubuhi hiyohiyo alikuwa amemwamkia shikamoo, alimshika kiwiko na kumpitisha mbele ya foleni. "Ndiye huyo," mtu alisema. Mate yalimwangukia shavuni, ya moto. Hakuyafuta mpaka alipofika nje ya geti, na hata hapo aliona mkono wake hautoshi.

Siku mbili hakutoka ndani. Ya tatu alikwenda kwa fundi cherehani. Njiani alipanga maneno: ngao, kiendelezi, barua. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa na faida.

Kwa fundi alikuta wanawake wamejipanga barazani. Ujumbe ulikuwa umeshasomwa mtaa mzima. Fundi alisimama mlangoni peke yake, akitoa nguo moja moja: gauni ambalo bado halijatiwa mikono, sare za shule zenye pini, kitambaa ambacho hakijaguswa hata na mkasi. Kila moja aliikunja vizuri kabla ya kuitoa. Mwanamke wa mbele alikuwa amevaa mfuko wa plastiki mkononi. Aliishika blauzi yake, akaugeuza mfuko na kuifunika humo, kama mtu anayezoa kinyesi cha mbwa.

Mama Faili alisogea. Fundi alimtazama kama hajawahi kumwona.

"Yako ni ipi?"

"Mimi sina nguo hapa, dada. Nimekuja..."

"Basi nipishe," alisema fundi. "Wenzako wanangoja."

Na nyuma ya Mama Faili mwanamke mwingine alikuwa anakung'uta mfuko wake, anautia hewa ili mkono uingie.