Chumvi ya Kakuma

Wiki tatu kabla ya mtihani wa kidato cha nne, Mwalimu Esekon alitupa unga mweupe tutafute umetengenezwa kwa kitu gani. Tuliuyeyusha majini, tukadondosha silva naitreti, dawa ya kupimia kloridi, na maji yakageuka meupe kama maziwa. Darasa zima tukaandika: kuna kloridi, ile iliyomo kwenye chumvi.

"Hakuna kloridi!" mwalimu alifoka, akituandikia sifuri sote. "Mmenakiliana tena. Hata wewe, Nyakim?"

Nilikasirika. Mimi sinakili kwa mtu. Wenzangu walipotoka nilibaki maabara, nikijiuliza: kama kloridi haikutoka kwenye unga, ilitoka wapi? Maji safi ya maabara yanayoletwa kutoka Lodwar yalikuwa yameisha, kwa hiyo tulikuwa tumetumia ya mtungi, yaliyotekwa kwenye bomba la kambi ya wakimbizi. Nikamimina maji hayo matupu kwenye tyubu, nikadondosha dawa ileile. Yakawa meupe.

Nilimpelekea mwalimu ile tyubu. Aliitazama juani, akacheka, akafuta sifuri zetu zote.

Nilikimbia nyumbani. Tangu tutoke kwetu Malakal, mama husema kila asubuhi kwamba chai ya Kakuma ina chumvi. Sisi watoto tulikuwa tukimcheka, tukimwambia ni hamu ya kwao tu.

"Mama," nikasema nikihema, "maji yana chumvi kweli. Nimeyapima!"

Hakuacha kukoroga chai.

"Miaka kumi na miwili nawaambia, mwanangu. Kumbe mlikuwa mnangoja dawa?"