Upanga Aliouleta Baba kutoka Burma

Mzee Rwegoshora alipigana Burma katika jeshi la Mwingereza, akarudi Bukoba na upanga wa Kijapani. Alipofariki alimwachia binti yake, Leokadia, na kaka zake wakanuna. Mwaka 2015 Leokadia, akiwa sasa anaishi Gahanna, Marekani, kwa bintiye Belinda, aliupeleka kwa mthamini wa silaha za kale mjini Columbus.

Mthamini alichomoa kijiti kilichoshikilia mpini, akauvua. Kwenye chuma kilichofichwa ndani palikuwa na maandishi.

"Mpini ni wa jeshi, wa wakati wa vita," alisema. "Lakini chuma chenyewe kina zaidi ya miaka mia tatu, na hii ni sahihi ya mhunzi aliyekifua. Panga nyingi ninazoletewa zimeshaliwa na kutu. Huu aliutunza nani?"

Belinda alitafsiri. Leokadia akanyoosha mgongo.

"Mwambie ni mimi. Niliupaka mafuta kama baba alivyonifundisha, na sikumruhusu mtu aukatie majani ya ng'ombe."

Mthamini alisimama, akamrudishia upanga kwa mikono miwili.

"Na hauuzwi," Leokadia aliongeza kabla hajaulizwa.

Walipofika nyumbani aliwapigia simu kaka zake, mmoja baada ya mwingine.