Nafasi ya Igowole

Bertha alikuwa na ofisi ya wakala wa ajira pale Mbalizi, chumba kimoja kati ya duka la pembejeo na saluni. Kwa miaka sita alijulikana kwa vibarua. Mashine za mpunga za Ubaruku zikitaka wabeba magunia thelathini kesho asubuhi, ilikuwa ni simu moja tu kwake. Lakini kwa misimu miwili simu hizo zilikuwa zikipungua. Wenye mashine walikuwa wameleta mitambo ya kuchambua mchele kwa rangi na mikanda ya kupandishia magunia, na walipopiga walitaka fundi umeme au mtu wa kompyuta.

Aliyeliona jambo hilo kwanza ni Kulwa, msaidizi wake, binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia Usangu kabla hajazaliwa. Siku moja alilipitia daftari la maombi ya mwaka mzima, akainua kichwa.

"Dada, kazi za kubeba zinakwisha. Tukiendelea hivi tutafunga ofisi."

Wakaanza kuwaita wabeba magunia mmoja mmoja na kuwauliza wanajua nini kingine. Saulo, aliyebeba kwa miaka tisa, kumbe alikuwa mtengenezaji wa pampu za maji kijijini kwao. Wakampatia kazi ya fundi msaidizi. Wengine wakafuata. Ofisi ikapumua.

Basi Jumatatu moja ikaingia barua pepe kutoka kiwanda kipya cha kufungasha parachichi, kule Igowole, Mufindi. Walitaka msimamizi wa wafanyakazi: mtu aliyezoea kuajiri, anayeweza kupanga zamu na kusikiliza watu, na mwenye lugha zaidi ya moja. Bertha akaisoma mara mbili. Kila mstari ulikuwa kama unamtaja Kulwa.

Lakini bila Kulwa ofisi ingeendeshwaje? Alijiambia atatafuta mtu mwingine, akapekua mafaili, akatoa mawili na kuyaweka mezani. Yakakaa hapo Jumanne, yakakaa Jumatano. Kila Kulwa alipomletea chai, Bertha aliyafunika kwa gazeti.

Alhamisi alishindwa.

"Kulwa, kuna nafasi Igowole. Inakufaa wewe. Imekuja tangu Jumatatu, nami nimekuficha."

"Najua, dada."

"Unajua?"

"Barua pepe za ofisi zinaingia na kwenye simu yangu. Si uliniunganishia mwenyewe?"

Bertha akajishika shavu. "Na ukanyamaza siku zote hizi?"

"Nilikuwa nakusubiri. Ningeweza kuomba mwenyewe, lakini ningekuwa nimeondoka kwako vibaya. Sikutaka hivyo."

Bertha akacheka kwa aibu, kisha akavuta kiti cha wateja. "Haya, keti hapa. Leo wewe ndiye mteja."

Wakafunga mlango mchana kutwa. Kwenye wasifu wake Kulwa alikuwa ameandika neno moja tu kuhusu kazi yake: msaidizi. Bertha akalikata kwa kalamu.

"Nani aliyeona kwamba kazi za kubeba zinakwisha? Nani anayeongea na wazee wa Usangu kwa Kisukuma, na akina mama wa Njombe kwa Kibena? Andika hayo."

Waliitwa watu tisa kwenye usaili. Wiki iliyofuata Kulwa akapiga simu kutoka Igowole, na kabla hajamaliza sentensi Bertha alikuwa ameshapiga kigelegele kilichowatoa watu saluni.

Miezi ya kwanza bila Kulwa ilimpa tabu. Alipoteza mafaili, akachanganya tarehe, akamwita mtu mmoja kwenye usaili mara mbili. Lakini maombi kutoka Mufindi yaliongezeka, na mwezi wa tatu kiwanda cha Kulwa kikaagiza wachambuzi wa matunda kumi na wawili. Bertha akawapeleka kwa furaha.

Kesho yake, saa nne asubuhi, simu ikaita.

"Shikamoo, dada. Kumi wazuri sana. Hawa wawili hapana."

"Marahaba. Wana nini tena?"

"Hukuwauliza kuhusu zamu ya alfajiri. Hawawezi."

Bertha akanuna kidogo. Msichana huyu, aliyemfundisha mwenyewe kujaza fomu, sasa anamrudishia watu! Kisha uso ukamfunguka, akatabasamu peke yake ofisini.

"Nipe mpaka kesho," akasema, akaanza kutafuta namba za wengine.